Una B+, Utapata Injinia? Tuangalie Historia Kwanza

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, inboksi yangu inajaa swali moja. "Nina B+, nitapata uhandisi wa umeme?" "Nina B plain lakini hesabu nimeangusha A-, niweke civil ama niogope?" Wengine hata hawaandiki kitu, wanatuma tu picha ya slipu na alama ya kuuliza.

Kabla sijajibu, ujue unaongea na nani. Mimi si mshauri wa masomo. Ni mtoto wa Khayega, hapa kwa barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na siku hizi kazi yangu ni video na hizi makala. Lakini hii mambo ya nani anaingia uhandisi na nani anaachwa nje nimeisoma sana, na naona watu wengi wanajiita wajinga kwa sababu hawajui historia yake.

Shida ya hilo swali ni kwamba linakuangalia wewe peke yako. Ukija Khayega siku ya mafahali, utaskia wazee wakikadiria nani atashinda. Hawaangalii pembe tu. Wanauliza fahali amelishwa na nani, anakutana na nani, uwanja uko aje baada ya mvua. Chansi yako ya kuingia uhandisi iko hivyo hivyo. Kuna alama zako, halafu kuna idadi ya viti, na kuna sheria ya kugawa hivyo viti. Alama umeshapata. Viti na sheria vimekuwa vikibadilika kwa zaidi ya miaka mia moja, na vimebadilishwa na watu.

Enzi ya fundi

Tuanze karibu na nyumbani. Mwaka 1902 Wamarekani wa dhehebu la Quaker walifika Kaimosi, ambayo leo iko kaunti ya Vihiga, si mbali na hapa kwetu. Misheni yao waliiita Friends Africa Industrial Mission. Hilo neno "Industrial" halikuwa pambo. Pamoja na Biblia kulikuwa na mashine ya kupasua mbao, useremala, ujenzi na kilimo. Babu zetu walijifunza ufundi hapo na walikuwa wazuri.

Lakini ufundi ulikuwa ndio mwisho wa barabara. Makerere yenyewe, ambayo sote tunaijua kama chuo kikuu cha heshima, ilianza 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umekanika. Kabete ikafunguliwa miaka hiyo hiyo ya 1920 kufunza mafundi wa Kiafrika. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ikazunguka Afrika Mashariki, na ushauri wake ukawa kwamba elimu ya Mwafrika iegemee kilimo na kazi za mikono, kwa mfano wa shule za Waamerika weusi wa kusini mwa Marekani.

Elewa hapo. Hakuna mtu alikuwa amekataza Mwafrika kuwa na akili ya hesabu. Walichofanya ni kutoweka darasa. Mtoto wa Isukha au Idakho angekuwa na kichwa kikali namna gani, hakukuwa na mahali pa kupeleka hicho kichwa. Chansi yake ilikuwa sufuri, na ilikuwa sufuri kabla hajazaliwa.

Mfano mzuri uko Kakamega mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilipatikana huku na wazungu wakamiminika. Mwaka 1932 serikali ya mkoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji ili uchimbaji uendelee bila watu kufidiwa kwa ardhi nyingine, na sheria ya awali ilikuwa imewaahidi fidia hiyo. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi mpaka 1952. Yaani kwa miaka ishirini tulikuwa na kazi ya uhandisi ya kiwango cha dunia hapa nyumbani, na vijana wetu walikuwa ndani yake wakichimba na kubeba. Kupima mwamba na kuchora mashimo ilikuwa kazi ya wengine.

Chuo kimoja, nchi tatu

Darasa la kwanza la uhandisi wa chuo kikuu lilikuja Nairobi. Royal Technical College ilipewa hati ya kifalme Septemba 1951, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Aprili 1956. Kuna kitu hapa watu husahau. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa tayari wanachanga pesa za chuo cha kumkumbuka Gandhi. Badala ya kujenga vyuo viwili, Gandhi Memorial Academy ikaunganishwa na hiki cha serikali. Kwa hivyo ile Nairobi tunayoota kuingia ilijengwa kwa sehemu na michango ya jamii iliyochoka kusubiri viti. Hii weka kando, tutaihitaji.

Mwaka 1961 jina likawa Royal College Nairobi. Mwaka 1963 ikaanzishwa University of East Africa, chuo kikuu kimoja cha Kenya, Uganda na Tanganyika, na kozi kubwa zikagawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi.

Kwa hivyo kijana wa Kakamega aliyemaliza A-level katikati ya miaka ya 1960 na kutaka uhandisi alikuwa anashindania kitivo kimoja na vijana wa Mwanza, Mbale, Moshi na Mombasa. Na kabla ya hapo alikuwa ameshavuka chujio la kidato cha tano, juu shule zenye kidato cha tano na sita zilikuwa chache. Yule mzee kijijini kwenu anayeitwa "injinia" mpaka leo bila jina lake la kwanza, sasa unaelewa kwa nini jina lilimganda.

Mwaka 1970 chuo hicho kikagawanyika na Nairobi ikawa University of Nairobi. Dar es Salaam ikaanzisha kitivo chake cha uhandisi 1973. Viti viliongezeka, lakini idadi ya waliomaliza sekondari nayo ilikuwa inapanda. Kenya huru ilikuwa imejaa shule za Harambee, wazazi wakijenga madarasa ya matope na kuajiri mwalimu kabla serikali haijafika. Watoto wa hizo shule wakafika mlangoni na kukuta mlango ni ule ule.

Watu wa Magharibi waliamua kuongeza viti

Hapa ndipo napapenda zaidi, na sioni watu wa umri wetu wakipaongelea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikoa ya Kenya ilianza kuchangisha pesa za vyuo vya teknolojia. Nyeri walikuwa na Kimathi, Murang'a na Kiambu wakawa na vyao, Nyanza ikawa na RIAT karibu na Kisumu, Bungoma ikawa na Sang'alo. Sisi Kakamega tukaanza WECO, kwa kirefu Western College of Arts and Applied Sciences. Mwaka unaotajwa ni 1972.

Fikiria hiyo miaka. Wakulima wa miwa na mahindi, walimu wa msingi, wauzaji wa ndizi. Hesabu ya chansi ya watoto wao kuingia Nairobi walikuwa wanaijua vizuri, waliona ni watoto wangapi wanarudi nyumbani na cheti kizuri na hawana pa kwenda. Badala ya kukaa kubishana kama mtoto wao ametosha au hajatosha, wakachanga pesa ili mahali pa kwenda pawe pengi.

Na haikuwa haraka. Ilichukua miaka thelathini. Mwaka 2002 WECO ikawa Western University College of Science and Technology chini ya Moi University, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili kwa jina la Masinde Muliro. Leo MMUST inafunza uhandisi pale Kakamega, na kutoka Khayega unafika kwa matatu kabla wimbo wa tatu uishe. Kuna mzee alitoa pesa 1972 na hakuwahi kuona mjukuu wake akiingia kwa hiyo geti. Wewe unaingia na unalalamika hosteli haina maji. Lalamika, ni haki yako, lakini ujue hiyo kozi yako iko pale kwa sababu ya nani.

Tena si sisi peke yetu. Kimathi ya Nyeri leo ni Dedan Kimathi University of Technology, na chuo cha Murang'a nacho kimekuwa chuo kikuu. Ukiangalia orodha ya KUCCPS unaona majina tu, lakini nyuma ya mengi ya hayo majina kuna mkutano wa harambee.

Chansi yako ilihesabiwa kwa vitanda

Miaka ya 1980 ndiyo iliyozaa mfumo tunaoujua. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, University of Nairobi ilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Waliokuwa wamefaulu wakabaki nyumbani, na waliowafuata wakawakuta pale pale kwenye foleni. Moi University, iliyopendekezwa na Tume ya Mackay ya 1981, ikafunguliwa Eldoret mwaka 1984. Jomo Kenyatta pale Juja ilikuwa imeanza 1981 kama chuo cha kati cha kilimo na teknolojia, na ikawa chuo kikuu kamili 1994.

Kisha Januari 1985 8-4-4 ikaingia. A-level ikafutwa. Kundi la mwisho la A-level na kundi la kwanza la KCSE yalifanya mitihani yao mwaka mmoja, 1989, na mwaka 1990 yote mawili yakaingia chuo pamoja. Waulize wajomba zako, watakuambia kuhusu kulala wanne kwa chumba cha wawili.

Aliyekuwa anagawa viti ni JAB, bodi ya pamoja ya vyuo vya umma. Na hapa kuna kitu kitakuuma: kwa miaka mingi idadi ya watu JAB iliwachukua ilitegemea idadi ya vitanda kwenye hosteli. C+ ndiyo ilikuwa alama rasmi ya kuingia chuo, lakini vitanda vikiisha kwa B, mwenye B- amebaki nje. Maelfu kila mwaka walikuwa wamefaulu kwa karatasi na wamekataliwa kwa kitanda. Kijijini wakaitwa walioanguka.

Kulikuwa na ubaguzi mwingine wa kimya kimya. KCSE ya miaka ya kwanza ilikuwa na njia mbili za sayansi. Shule zilizojiweza zilifanya Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja kivyake. Shule nyingi zisizokuwa na maabara zilifanya Physical Sciences, ambapo fizikia na kemia zilichanganywa kwa somo moja, na hiyo iliendelea mpaka silabasi ilipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto wa shule ya kutwa akafika mlango wa uhandisi akishindana na mtoto wa shule ya kitaifa mwenye masomo mawili kamili. Na wote wakaambiwa mtihani ni mmoja.

Halafu pesa ikaingia kwa hesabu

Mwaka 1998 University of Nairobi ilianza masomo ya kujilipia, ile tunaita parallel ama Module II, na vyuo vingine vikafuata. Sasa kukawa na milango miwili kwa kozi ile ile. Mwenye pointi nyingi anaingia kwa bei ya serikali, mwenye pointi pungufu lakini mzazi wake yuko sawa anaingia kwa bei kamili. Wanakaa darasa moja, wanafanya mtihani mmoja, wanavaa gauni moja.

Sitawalaumu waliopitia huko, wengi ni wahandisi wazuri. Lakini kwa swali letu, miaka hiyo inatufunza kwamba "hujafika pointi" ilikuwa inamaanisha "hujafika pointi kwa bei hii." Kulikuwa na kiti. Wewe hukuwa na pesa yake.

Mambo yakageuka tena mwaka 2016. Serikali ikabana wizi wa mitihani, na A za KCSE zikaporomoka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929, na mwaka uliofuata wakashuka hadi 70,073. Ghafla viti vilikuwa vingi kuliko waliofaulu. KUCCPS, iliyoundwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012 kuchukua kazi ya JAB, ikawapa nafasi wote waliofikisha C+, hata kwa vyuo vya kibinafsi. Module II ikakauka na vyuo vikaanza kulia njaa.

Linganisha na KCSE ya 2024: waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya 2017. Kwa hivyo ukimwambia binamu yako wa 2017 "mbona wewe uliingia na hii gredi na mimi nimekosa," jibu ni kwamba mlikuwa kwenye foleni tofauti kabisa.

Kiti si leseni

Kabla ya hesabu yenyewe, somo moja la uchungu. Miaka kumi na kitu iliyopita bodi ya kusajili wahandisi ilikataa kutambua shahada za uhandisi za baadhi ya vyuo vya umma, Egerton ikiwemo. Watu walikuwa wameshinda huo msitu wote wa viti na vitanda, wamesoma miaka mitano, wamehitimu, halafu wanaambiwa hawawezi kusajiliwa. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 wahitimu wa Egerton wakashinda. Lakini hesabu miaka waliyopoteza wakizunguka kortini.

Kwa hivyo unapoangalia kozi, usiishie kwa jina la chuo. Angalia kama hiyo kozi, kwa hicho chuo, iko kwenye orodha ya bodi ya wahandisi, EBK. Orodha iko wazi na kuisoma ni bure.

Sasa hesabu yako

Haya, twende kwa fomula. Kwa uhandisi, klasta ni hesabu, fizikia, kemia na somo moja zaidi. A ni pointi 12, A- ni 11, unashuka hivyo. Masomo manne yana pointi 48. Masomo yako saba yana pointi 84. Fomula inayojulikana inachukua pointi zako za klasta gawanya kwa 48, inazidisha na pointi zako za masomo saba gawanya kwa 84, inatafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, halafu inazidisha na 48.

Chukua watu wawili. Wote wana pointi 70 kwa masomo saba, yaani B+ kamili.

Wa kwanza ana A- ya hesabu, B+ ya fizikia, B ya kemia na B+ ya biolojia. Klasta yake ni 40. Ukiweka kwa fomula anapata 40.0.

Wa pili ana A ya Kiingereza, Kiswahili, historia na jiografia. Hesabu ana B-, fizikia na kemia ana C+ kila moja. Ukimwekea historia kama somo la nne, klasta yake ni 34. Kwa fomula anapata kama 36.9.

Gredi ni moja, slipu zote zinasema B+, lakini kwa uhandisi wameachana pointi tatu, na kwa kozi za ushindani pointi tatu ni umbali wa Khayega na Nairobi. Kwa hivyo ukiniuliza "nina B+, nitapata?" sijui, na hakuna mtu anajua, mpaka uniambie hiyo B+ imetoka wapi. Huyo wa pili si mjinga, ukimpeleka sheria anaweza kumtoa huyo wa kwanza jasho.

Tena ile pointi ya kuingilia unayoona kwenye tovuti ya KUCCPS ni ya mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Inakuonyesha foleni ya jana ilifika wapi. Mwaka huu wakiomba wengi inapanda, wakiomba wachache inashuka. Ukiipita kwa pointi mbili tatu, tulia kiasi. Ukiwa sawa nayo, hiyo ni kamari, weka lakini uwe na chaguo lingine la uhandisi kwa chuo chenye foleni fupi. Uhandisi wa umeme wa chuo ambacho rafiki zako hawakitaji kwa mdomo, kama umeidhinishwa, ni uhandisi wa umeme.

Na kama pointi zimekataa kabisa, bado kuna diploma. Sigalagala, hapa chini tu ya Khayega, ilianza kama shule ya ufundi ya enzi za mkoloni na leo ni polytechnic ya taifa. Ukimaliza diploma na alama nzuri unaweza kuomba kuendelea na shahada, na tangu sheria ya 2016 mafundi sanifu na wanateknolojia wa uhandisi wana bodi yao ya usajili, KETRB. Najua mtaani wanasema hiyo ni njia ya walioanguka. Hiyo ni sauti ya 1924 bado inaongea, ile iliyotenga kazi ya mkono na kazi ya kichwa kama vile mkono hauna kichwa.

Kuna hesabu nyingine siwezi kuiruka. Uhandisi ni miaka mitano. Tangu 2023 ufadhili wa chuo unapimwa kulingana na uwezo wa familia, na huo mfumo umepingwa mpaka kortini. Chansi ya kuingia na chansi ya kumaliza ni vitu viwili. Mimi niliingia chuo. Kumaliza ndiko kulikataa, na hakukuhusu alama hata kidogo. Kwa hivyo kabla hujabonyeza kitufe, keti na mzazi ama yeyote anayekulipia, muandike kwa karatasi miaka mitano inagharimu ngapi: karo, chumba, chakula, nauli ya kurudi Desemba. Omba HELB na basari mapema. Hiyo karatasi ina uzito sawa na slipu yako.

Mlango unaofungwa ukiwa na miaka kumi na sita

Wanaoniandikia ni waliomaliza kidato cha nne. Nawapenda, lakini ninaotaka kuwafikia zaidi ni wadogo zao.

Kwa 8-4-4 fizikia si lazima. Kidato cha pili kikiisha ulikuwa unachagua masomo, na kwa shule nyingi za kutwa huku kwetu, mwalimu wa fizikia ni mmoja ama hayuko, maabara ni chumba chenye masinki makavu, na ushauri ni "acha fizikia utaharibu mean ya shule." Mtoto wa miaka kumi na sita anatikisa kichwa. Hapo hapo, bila barua na bila JAB, kiti chake cha uhandisi kimepewa mtu mwingine. Miaka miwili baadaye anapata A- na anakuja inboksi kuniuliza kuhusu civil, na mimi ndiye namwambia hata klasta hana.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangwa 2027. Wa CBC wanachagua mkondo wao wakiingia Gredi ya 10, na kundi la kwanza linatarajiwa chuo 2029. Fomula itabadilika, majina yatabadilika. Swali litakuwa lile lile: shule ya kutwa ya Shinyalu ama Ikolomani itakuwa na mkondo wa sayansi wa kweli, wenye mwalimu na vifaa, ama itakuwa Physical Sciences na jina jipya?

Hilo si swali la mtoto mmoja mwenye slipu. Ni la wazazi kwenye mkutano wa shule, la bodi ya shule, la mwakilishi wa wadi anayekata utepe wa geti wakati maabara haina hata bati. Wazee wa WECO waliuliza swali la aina hiyo 1972 na wakatoa pesa mfukoni. Sisi tuna simu, tuna kura na tuna makelele. Kama mdogo wako anajiandaa kuingia Gredi ya 10, muulize leo usiku kama shule yao ina mwalimu wa fizikia. Kama hayuko, nitumie jina la shule. Hiyo ndiyo video yangu inayofuata.